Breki zimejam, na fundi anayezijua nilimwita mwizi mbele za watu

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Mikindani na mama yangu na mdogo wangu wa kiume aliye kidato cha tatu. Baba alikuwa fundi magari hapa Mtwara mjini. Alifariki mwaka jana baada ya kuugua miezi saba. Katuachia nyumba na Corolla yake nyeupe, na hiyo Corolla ndiyo inayotulisha sasa. Asubuhi napeleka samaki kwa wateja mjini na mpaka Naliendele, jioni nabeba abiria ninaowajua. Tangu darasa la tano nilikuwa namshikia baba tochi akiwa chini ya gari, na nilipomaliza shule nikawa nashika spana mwenyewe.

Kwetu Wamakonde neno la mjomba ni zito, nawe unajua. Siku ya arobaini mjomba alisema mbele ya ukoo, "Hilo gari liuzwe, hela asomee mdogo wako. Mimi sitaki kupigiwa simu usiku." Nilielewa anachomaanisha, kwamba mwanamke hawezi kulitunza gari. Nikaomba nipewe mwaka mmoja. Mwaka unaisha mwezi ujao.

Wiki tatu zilizopita breki za mbele zilianza kulia chuma kwa chuma. Nikasema hii kazi naijua. Nilinunua pedi, nikaanza na tairi la kulia peke yangu. Kumbe pedi nilizopewa dukani si za saizi yake, ikabidi nirudi kubadilisha. Kalipa, lile koleo linalobana pedi kwenye diski, nikaiacha inaning'inia kwa hosi yake ya mafuta kama saa moja na nusu. Niliporudi nikachomoa pini ambazo kalipa huteleza juu yake, nikakuta grisi yake imekauka. Nikaziosha kwenye beseni la mafuta ya taa pamoja na vile vifuniko vya mpira, kisha nikapaka grisi ya beringi iliyobaki kwenye kopo la baba. Pistoni, kile chuma kinachosukuma pedi, ilikuwa ngumu kurudi ndani. Nikaazima kibanio cha seremala jirani yetu, nikakaza mpaka mafuta ya breki yakafurika kwenye kikopo chake kule juu, maana asubuhi nilikuwa nimeyajaza. Upande wa kushoto mdogo wangu alinisaidia. Yeye aliifunga kalipa kwa waya kwenye springi, na kazi ikaenda upesi. Pini za pande zote mbili zilioshwa kwenye beseni moja.

Siku ya kwanza gari lilikuwa zuri. Siku ya pili, nikirudi kutoka Naliendele, nikaanza kuhisi zito kama nimesahau handibreki. Pedali ikapanda juu na kuwa ngumu, usukani ukawa unavuta kulia. Nilipofika mjini tairi la kulia lilikuwa linanuka na rimu haishikiki. La kushoto lilikuwa vuguvugu tu. Nikampa kijana wa kuosha magari aimwagie maji. Asubuhi yake tairi likazunguka kama halijawahi kushika. Tangu hapo nimelifungua mara mbili, narudisha pistoni kwa nguvu, linakaa sawa siku moja, halafu linarudia. Mama aliniuliza ile harufu ni ya nini, nikamwambia kuna mtu anachoma plastiki.

Sasa mwisho wa mwezi huu binti wa mama mdogo anatoka unyagoni Newala. Mjomba amepanga niwapeleke mimi: mama, mama mkubwa, bibi, na yeye mwenyewe atakaa mbele. Twende kwa Tandahimba, turudi kwa Masasi kuwasalimia ndugu. Najua anataka kuona ninavyoendesha.

Mtu mmoja tu mjini hapa namwamini kwa breki. Alikuwa saidia-fundi wa baba kwa miaka sita, nilikuwa namwita kaka, alikula kwetu. Baba alipolala kitandani ndiye aliyebaki gereji. Baada ya mazishi tukakuta jeki kubwa na seti ya spana hazipo. Amevichukua, akasema ni malipo yake. Mimi kwa uchungu nikamwita mwizi msibani, watu wote wakisikia. Sasa ana gereji yake na hatusalimiani. Kila nikipita pale naiona ile jeki ya baba.

Nikimwambia mjomba, gari litauzwa. Nikienda kwa yule kaka, nitakuwa nimekiri kwamba mtoto wa fundi hawezi kufunga pedi, na atacheka. Nikinyamaza, naogopa. Nifanyeje?

Binti wa Fundi, Mikindani

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa baba, na pole kwa mwaka mzima wa kujipima mbele ya ukoo.

Barua yako imenifikia zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya safari, kwa hiyo nimeipitisha mbele ya nyingine. Unaniuliza nani aambiwe. Nikiisoma naona mambo mawili yaliyoshikana: kwa nini tairi haliachii, na kwa nini kulitamka hilo kumekuwa kugumu kiasi cha kumdanganya mama. La kwanza linapimika kwa spana, basi nianze nalo. Usipolijua hilo, la pili utaliamua kwa hofu.

Barua nimeipeleka kwa fundi mmoja hapa Lindi aliyezeekea kwenye breki, tukakaa naye barazani jioni mbili. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama umewahi kuelezwa breki ya diski inaachiaje. Haina springi ya kuivuta nyuma. Unapokanyaga, pistoni inasukumwa mbele na ule mpira unaoizunguka unajikunja kidogo. Ukiachia, mpira unajinyoosha na kuirudisha pistoni, kiasi cha unywele. Basi. Ndiyo maana hata breki nzima pedi zake huigusa diski kwa mbali, ukizungusha tairi unasikia linakwaruza kidogo, na hilo si kosa. Kosa ni mkono kushindwa kulizungusha. Na kwa kuwa kinachoiachia ni unywele tu, kitu kidogo sana kinatosha kuizuia: kutu, mpira uliovimba, pini inayokwama, au mafuta yasiyopata njia ya kurudi.

Humo ndani ya barua yako alikuta karibu vyote hivyo, na hakucheka hata mara moja. Kilichomkunjisha uso ni mafuta ya taa. Mipira ya breki imetengenezwa kuishi na mafuta ya breki, ambayo hayatokani na mafuta ghafi ya ardhini. Mafuta ya taa na grisi ya beringi vinatokana na mafuta hayo ghafi, na mpira huo ukivinywa unavimba, unalainika, unabana. Pini ambayo ingeteleza inaanza kung'ang'ania, na joto likipanda inazidi. Mpira uliovimba haurudi, hata ukiuanika juani wiki nzima. Unabadilishwa, pini zinafutwa kabisa na kupakwa grisi maalumu ya breki. Anataka pia ukumbuke kama kitambaa chenye mafuta ya taa kiliigusa pistoni, maana hapo mpira wa ndani nao ni mshukiwa. Kuhusu beseni moja: kwenye kalipa nyingi pini mbili hazifanani, moja ina kipande cha mpira au umbo tofauti kidogo, na zikibadilishana nafasi kalipa haitembei sawasawa. Ziweke sambamba juu ya meza uzitazame. Na la kushoto lifunguliwe pia hata kama leo ni vuguvugu, limeoshwa kwa mafuta yaleyale.

Halafu ile saa moja na nusu ya kalipa kuning'inia. Hosi ya breki ikishazeeka, ukiibebesha uzito inaweza kuchanika ndani, huku nje inaonekana nzima. Mguu una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, lakini kurudi hayana wa kuyasukuma, yanabaki yamefungiwa na pedi zinaendelea kubana. Diski inapata moto, mafuta yanatanuka, yanabana zaidi. Usiku yanapoa, yanavuja kurudi polepole, asubuhi tairi linazunguka. Fundi alisema hadithi ya asubuhi zako inafanana na hiyo. Akaongeza papo hapo kwamba inafanana pia na pistoni yenye kutu: pedi zako zilikuwa zimekwisha kabisa, kwa hiyo pistoni ilikaa muda mrefu ikiwa imetoka nje, na hewa ya chumvi ya Mikindani ilipata nafasi ya kuila. Ukairudisha ndani kwa kibanio na kutu yake. Hakutaka kuchagua mmoja kati ya hawa kwa kusoma karatasi, nami nimempenda kwa hilo.

Njia ya kuwatenganisha ipo, na mdogo wako anaweza kukusaidia. Gari liwe mahali tambarare, mawe nyuma ya matairi, jeki na gogo imara chini yake, kwa sababu jeki peke yake haiaminiki hata dakika moja. Mdogo wako akanyage breki mara kadhaa kisha aachie. Kama tairi la kulia limeshika, valisha mpira mwembamba kwenye nipo, ile skrubu ndogo ya kalipa ya kutolea upepo, mwisho wake uingie kwenye chupa, halafu legeza nipo kidogo. Mafuta yakiruka na tairi likaachia, tatizo ni mafuta yaliyofungiwa. Likibaki limeshika, tatizo ni chuma na mpira palepale: pistoni, pini, au pedi mpya zilizobanwa na kutu kwenye breketi yake. Likiwa ni la mafuta, kaza nipo, akanyage tena, safari hii legeza paipu la chuma pale linapoungana na hosi kwa juu. Tairi lisipoachia, mzuiaji ni hosi. Likiachia, tazama juu zaidi, kwenye masta silinda, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali. Hapo nenda ukaguse na tairi la nyuma kushoto, kwa kuwa magari mengi yanayovutwa na matairi ya mbele hugawanya breki zake kimshazari, la mbele kulia na la nyuma kushoto njia moja. Macho yako yakinge, mafuta hayo yanaunguza, na rangi ya gari yanaila. Baada ya hapo upepo utolewe wote mpaka pedali iwe imara, na mafuta yaliyomwagika yasirudishwe kikoponi.

Kuna kipimo kingine ulikuwa nacho mkononi bila kujua. Ulisema pistoni ilikuwa ngumu kurudi. Fungua nipo uisukume tena. Ikirudi kwa ulaini wakati nipo iko wazi na kuwa ngumu ikifungwa, inakuonyesha njia ya mafuta. Ikiwa ngumu wakati wote, inakuonyesha yenyewe.

Sasa safari. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi ni kilomita 210, na ninyi mnataka kuimaliza yote mkiwa watu wazima watano. Newala iko juu ukingoni mwa mwinuko wa Makonde. Aliyesimama Shimo la Mungu akatazama chini anajua ukingo huo ulivyo. Kwenda kwa Tandahimba mnapanda taratibu. Kurudi kwa Masasi mnashuka kwa ghafla. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 yanachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya unyevu wa hewa kwa miaka, nayo huunyonya hata kikopo kikiwa kimefungwa, kiwango kinaweza kushuka hadi karibu 140. Breki inayoshika inapasha mafuta yake muda wote, hata kabla hujakanyaga. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na pedali inazama mpaka sakafuni wakati mteremko bado uko mbele yako. Nimekuandikia haya bila kuyapunguza kwa sababu wewe umekulia gereji na utayaelewa, na kwa sababu bibi yako atakuwa kiti cha nyuma. Mpaka chanzo kijulikane na kuondolewa, nakuomba usimpakie mtu, na hata samaki wa Naliendele watafutiwe bodaboda. Pia diski ya moto usiimwagie maji tena. Inaweza kupinda au kupata ufa, na ile yako sasa inahitaji kutazamwa.

Nije kwa watu.

Nimeyasoma tena maneno ya mjomba kama ulivyoyaandika wewe mwenyewe: "Sitaki kupigiwa simu usiku." Neno mwanamke limekuja baadaye, kwenye sentensi yako. Huenda umemsoma sawasawa, unamjua kuliko mimi. Lakini mtu aliyemzika shemeji yake, aliyemwona dada yake amebaki na watoto wawili, anaweza kusema maneno hayohayo kwa sababu anaogopa simu hiyo kweli. Uliwahi kumuuliza? Kwa upande wako kumwambia kuna hatari, sitakuficha. Anaweza kusema, "Si nilisema?" na suala la kuuza likafika kikaoni kabla ya mwaka kwisha. Na mjomba akishatamka mbele ya ukoo, kumrudisha nyuma ni kazi. Kwa hiyo fikiria pia lini na vipi. Kumwambia leo, faraghani, "Mjomba, breki ya kulia inashika, nimelisimamisha gari, natafuta chanzo," si sawa na yeye kuinusa mwenyewe Tandahimba. Hata hivyo sijui moyo wake. Mama anaujua. Na mama ameshaisikia harufu, mwanangu. Mke wa fundi aliyefua ovaroli kwa miaka yote hiyo unadhani haijui harufu ya pedi iliyoungua? Naona kama alikuuliza ili akupe nafasi ya kusema.

Yule kaka. Hapa nilikaa muda mrefu. Umeandika kwamba baba alipolala yeye ndiye aliyebaki gereji. Miezi saba. Alilipwa na nani? Silijui jibu, na inawezekana alilipwa vizuri na bado akachukua. Inawezekana pia baba alimwambia kitu kitandani ambacho ninyi hamkukisikia, au hakumwambia kitu na yeye akajilipa bila kuuliza, jambo ambalo ni kosa hata kama alikuwa anadai. Kuchukua vyombo vya marehemu kabla familia haijakaa kikao kunaumiza. Uchungu wako una haki yake. Neno ulilolitoa lilikuwa la siku ya msiba, na nadhani hata wewe ukilisikia leo linakukwaruza, kwa sababu umeandika "nilikuwa namwita kaka" kabla hujaandika alichochukua.

Unaweza kwenda kwake kama mteja: gari, shida, bei, malipo, hakuna la zaidi. Heshima ya kazi inaweza kuwatosha ninyi wawili kwa sasa. Hatari yake ni kwamba akikujibu vibaya utaondoka na majeraha mawili. Unaweza kutanguliza mtu, mama kwa mfano, au mzee mmoja aliyekuwepo msibani, ili lile neno liondolewe na watu walewale waliolisikia. Hiyo ni njia ndefu, na siku tisa ni chache. Au unaweza kumwacha kabisa kwa sasa ukatafuta fundi mwingine. Mtwara haina uhaba wa mafundi, na kutokuwa tayari kumwona mtu si dhambi. Ila ukimchagua huyo mwingine, mwambie yote, mafuta ya taa na kalipa iliyoning'inia. Fundi akifichwa hayo atabadilisha pedi tu na kukurudishia ugonjwa uleule.

Umesema ukienda utakuwa umekiri kwamba mtoto wa fundi hawezi. Nilimuuliza huyu mzee wa hapa kama naye aliwahi. Akaniambia breki yake ya kwanza aliyofunga peke yake ilishika njiani kabla hajafika mbali, na kwamba mwalimu wake alimpa hosi mpya bila kusema neno. Wewe mwalimu wako hayupo. Umefanya kazi hiyo mara ya kwanza bila mtu wa kusimama nyuma yako aseme, "Funga waya hapo." Upande wa kushoto ulikuwa na mdogo wako, na ulikwenda vizuri.

Kuhusu Newala, sherehe haihitaji Corolla. Mabasi yapo, na gari la kukodi likigawanywa kwa ukoo linabebeka. Ukipanda basi na mama na bibi, huku mjomba akijua ni kwa nini, hilo nalo atakuwa ameliona. Atalipimaje, siwezi kukuahidi.

Basi anza na jeki na gogo, jua likiwa bado halijawa kali, mdogo wako kwenye pedali. Nani aambiwe kwanza utaamua wewe, nami nitaupokea uamuzi wowote utakaoniandikia. Nijulishe tu tairi liliachia ulipolegeza nipo au ulipolegeza paipu la juu. Mzee wa hapa Lindi ameshaniuliza mara mbili kama umejibu.